Kulikizwa Mara ya Pili

Mama yangu huchambua samaki kwa vidole vitatu. Gumba na cha shahada hushika mnofu, cha kati hupita chini yake taratibu kikitafuta mwiba. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo kazi yote ameviachia vidole. Mchana ule wa Desemba, uani kwake Tanga, alimchambua changu mmoja kwa zaidi ya robo saa. Akatenga pembeni mwa sahani kipande kisichozidi ukucha wa kidole changu cha mwisho, akakimwagia kijiko cha tui, akanisogezea.

"Haya mama," akasema. "Onja."

Nilikuwa na miaka 47. Nilikitazama kile kipande kama mtu anavyoyatazama maji ya mto asioujua kina chake. Viganja vilinitoka jasho. Tangu mwezi wa nane sikuwa nimetia mdomoni kitu chochote cha kutafuna.

Miezi tisa kabla ya siku hiyo nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Nilikuwa na kilo 131, kisukari cha miaka sita, na magoti yaliyokuwa yakinifanya nipumzike mara mbili kabla ya kufika ghorofa ya pili ofisini. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Mfuko wa tumbo hukatwa kwa urefu wake, sehemu kubwa, robo tatu au zaidi, huondolewa moja kwa moja, na kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Nafasi iliyomo ndani yake mwanzoni ni kama nusu kikombe cha chai. Akanipa na ratiba: wiki za kwanza vimiminika tu, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha vilaini, na karibu na mwezi wa pili nianze kurudi kwenye chakula cha kawaida, kidogo kidogo. Nitafune hadi kila tonge liwe uji. Nisinywe maji pamoja na chakula. Nisubiri nusu saa. Vitamini na madini kwa maisha yangu yote. Nilivikariri vyote hivyo kama mtoto wa chuoni.

Jambo moja sikulielewa, ingawa lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ileile. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni inayoitwa ghrelini, ambayo Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waliitambua huko Japani mwaka 1999. Hiyo ndiyo inayopeleka habari ya njaa kwenye ubongo. Sehemu ile ikishatolewa, homoni hii hupungua sana, na wengi wetu hukaa miezi mingi bila kusikia njaa kabisa. Niliposikia hivyo kabla ya upasuaji nilifurahi. Miaka 20 njaa ilikuwa imenitawala. Nani asingefurahi kuambiwa bwana wake anaondoka?

Lakini njaa ina kazi nyingine ambayo sikuwahi kuifikiria. Njaa ndiyo mshenga kati ya mtu na chakula asichokijua. Ukifika ugenini ukaandaliwa kitu ambacho hujawahi kukiona, moyo unasita, lakini njaa inasema nawa mikono, kula. Wanaotoka katika homa kali husimulia hivyohivyo: wanachukia kila harufu ya jikoni mpaka siku moja njaa inarudi na kuwashika mkono. Mimi nilipoogopa, hakukuwa na wa kunishika. Woga ulibaki peke yake mezani, hauna mpinzani.

Niseme ulivyoingia.

Ilikuwa wiki ya saba. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kuku laini. Nilichukua kidari kilichochemshwa jana yake, kikalala kwenye friji, kikapashwa moto mara ya pili. Kikavu kama pamba. Nilikata kipande, nikatafuna mara kumi, labda kumi na mbili, huku nikisoma ujumbe kwenye simu, nikameza. Kifua kikabana pale mfupa wake unapoishia. Kisha mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito, mengi, yasiyokoma. Nikainama kwenye sinki. Yakawa yanatoka mapovu meupe, natema, yanajaa tena, natema. Nilitaka kunywa maji ili kuisukuma ile nyama, na nilipokunywa mafunda mawili nikajua nimekosea, kwa sababu nayo yalikaa juu yake na maumivu yakazidi. Mwanangu wa kiume alisimama nyuma yangu akinisugua mgongo, hajui aseme nini. Zikapita dakika 40. Kile kipande kikarudi kama kilivyoingia, cheupe, hata alama za meno yangu zikiwa bado zinaonekana.

Nilirudi hospitali, na hilo nafurahi nililifanya. Baada ya upasuaji huu njia inaweza kuwa nyembamba kwa sababu ya kovu, na kovu halisikii ushauri. Walipitisha kamera mdomoni wakaangalia hadi chini. Njia ilikuwa wazi. Tena naomba anayesoma hili akiwa amepita nilikopita alishike: kutapika kunakoendelea siku baada ya siku si jambo la kuvumilia nyumbani. Akiba ya vitamini B1 mwilini huisha ndani ya wiki chache tu, na upungufu wake huharibu mishipa ya fahamu na ubongo. Kwanza uhakikishe kwamba kinachokuzuia ni woga kweli.

Kwangu kilikuwa woga. Daktari aliniambia nile polepole, nitafune zaidi, nisichanganye chakula na simu. Alikuwa sahihi kwa kila neno. Nilitoka pale na karatasi ya majibu mkononi inayosema njia yangu iko wazi, nikafika nyumbani, nikanusa supu ya kuku ya jirani ikipita dirishani, na mate yakaanza kujaa.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tumezoea kuitumia methali hii kumcheka mtu: jamani, huo ni ukindu tu. Mimi sasa nasikia ndani yake maarifa ya mwili. Mwaka 1955 mtafiti wa Marekani, John Garcia, na wenzake waliwapa panya maji yaliyotiwa utamu wa sakarini huku wakiwapitishia mionzi inayoleta kichefuchefu. Baadaye panya hao wakawekewa maji matamu na maji ya kawaida wachague, wakayakimbia matamu. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba mara moja tu inatosha, na hata kama ugonjwa unakuja saa kadhaa baada ya kula, bado mwili unakitia hatiani chakula. Masomo mengi tunayarudia ndipo tuyashike, lakini hili la sumu, viumbe wengi hulipata kwa kipindi kimoja. Huenda ndivyo mababu zetu walivyosalimika na mihogo michungu na uyoga mbaya. Mwili wangu ulikuwa umeniwekea mlinzi mlangoni, na mlinzi huyo hakuwa mjinga. Hakuwa tu na habari kwamba vita imekwisha.

Na alichofanya baadaye ndicho kilichoniumiza. Alianza na kuku. Baada ya wiki moja akakataza nyama yoyote. Kisha mayai, ambayo hayakuwahi kunikosea. Kisha samaki, maharage, wali, hata ndizi zilizopikwa zikabaki na mabonge madogo. Kufikia Agosti nilikuwa na vyakula vitano: uji mwepesi wa lishe, mtindi, supu iliyochujwa, parachichi lililopondwa, na mtori uliosagwa mara mbili. Vitano hivyo nikavizungusha miezi minne zaidi, nikiamka kila siku na kujiambia nitajaribu kesho.

Mtaalamu wa lishe alinifanyia hesabu mbele yangu. Mtu wa hali yangu anahitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku. Mimi, kwa vile vyakula vyangu, nilikuwa napata kama nusu. Nywele kutoka miezi ya mwanzo ni kawaida kwa waliopungua haraka, aliniambia, lakini zangu zilikuwa zinabaki kwenye kitana kwa mafungu na hazioti. Nilikuwa nachoka nikikunja nguo. Nilikuwa nimejitoa kwenye unene nikaanza kujiingiza kwenye utapiamlo, na huku mizani ikinipongeza kila Ijumaa.

Maana kulikuwa na woga wa pili chini ya ule wa kwanza, na huo niliuficha hata kwa mtaalamu wa lishe. Kila chakula nilichokiongeza kilikuwa, machoni pangu, mjumbe wa zile kilo 131. Vitano havikuwa vimenirudisha. Nani ananihakikishia cha sita? Nilipokuwa nasema "kitanikwama", nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Nusu nyingine ilikuwa "kitanirudisha". Mtu anayeogopa mambo mawili kwa neno moja ni vigumu sana kumsaidia, kwa sababu ukimtoa kwenye hili anakimbilia lile, na yeye mwenyewe hajui kama amehama.

Halafu kuna watu. Kwetu mwili ni habari ya wote. Mtu akinenepa tunasema amenawiri, ametulia, anapendwa nyumbani. Akikonda tunashusha sauti. Kizazi changu kinakumbuka vizuri ni kwa nini: miaka ya 1980 Uganda ugonjwa wa ukimwi uliitwa kwa jina la kukonda, "slim", na upande wetu pia kukonda kwa ghafla kulikuwa hukumu kabla ya kipimo. Kwa hiyo nilipokuwa nakataa chakula msibani au arusini, sikuwa nakataa wali tu. Nilikuwa natoa ushahidi dhidi yangu. Walionipenda walinibembeleza, "hata tonge moja?", na kubembelezwa kule kulinifanya koo lizidi kufunga. Nikaacha kwenda.

Kwamba tumbo lenyewe hubadilika mtu anapoogopa, jambo hilo lilionekana kwa macho zamani. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya, akapona, lakini likabaki tundu linaloingia hadi kwenye mfuko wa tumbo. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alifunga vipande vya chakula kwa uzi wa hariri, akawa anavishusha humo na kuvivuta kuona vimeyeyuka kiasi gani. Kitabu chake cha mwaka 1833 kinaeleza pia kwamba hofu na hasira zilibadilisha sura ya ngozi ya ndani ya tumbo na kuchelewesha usagaji. Kila nikifikiria kisa hiki namwonea huruma huyo kijana zaidi kuliko ninavyostaajabia ugunduzi. Miaka mingi mtu mwingine anakutumbukizia chakula tumboni bila kukupitishia mdomoni. Lakini niliposoma hapo nilishusha pumzi. Basi sikuwa nabuni. Woga ulikuwa na mahali unapokaa, na mahali penyewe ni pale pale niliposhonwa.

Nilikwenda Tanga mwanzoni mwa Desemba kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mama nilikuwa nimemwambia tu kwamba nimepasuliwa tumbo. Yeye akaelewa uvimbe, nami nikamwacha aelewe hivyo. Siku niliyofika alikuwa amepika wali wa nazi, changu wa kupaka, na mbaazi. Nikasema nimeshiba. Nimetoka Dar es Salaam na basi la alfajiri, nimefika saa nane mchana, nasema nimeshiba. Mama alifunika vyungu kimoja kimoja. Yeye naye hakula.

Usiku akaja kukaa ukingoni mwa kitanda changu. "Unaumwa nini hasa? Mimi ndiye mamako. Kama ni la kuzikana, nijue."

Nikamwambia yote. Upasuaji, ndizi, kuku, sinki, vyakula vitano, mizani. Nilimwambia hata ule woga wa pili. Alisikiliza kimya, mkono wake ukiwa juu ya mguu wangu, na nilipomaliza alikaa kitambo.

"Wewe ulikataa uji siku nne," akasema. "Ulikuwa na miezi sita. Unautema, unanitazama. Siku ya tano ukala. Basi nitakulikiza upya."

Kulikiza, yaani kumtoa mtoto kwenye ziwa na kumzoesha chakula, ni neno linalotumika kwa watoto. Mtu mwenye nguvu zake halikizwi. Lakini nililipokea kama mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama sana, maana katika neno lile hakuna aliyeshindwa. Hakuna anayemwambia mtoto wa miezi sita awe jasiri. Hakuna anayemshangaa akitema. Wataalamu wa ulishaji wa watoto wanasema chakula kipya huenda kikahitaji kuonjwa mara nane, kumi, au zaidi kabla mtoto hajakikubali. Mama hakuwahi kuhesabu, alichojua ni kwamba siku ya tano huja baada ya ya nne. Watu wengi walikuwa wameniambia jipe moyo. Moyo ninao. Nilikwenda kwenye meza ya upasuaji kwa miguu yangu mwenyewe. Nilichokosa ni kitu cha kukaa mahali pa njaa, kitu cha kunivusha kile kiganja kimoja cha hewa kilichopo kati ya sahani na mdomo.

Kesho yake ndiyo ile ya changu uani.

Mama alichukua kipande chake kwanza, saizi ileile, kutoka sahani ileile. Akakimung'unya mbele yangu bila kusema kitu, kwa sababu meno yake mengi yamekwenda na yeye mwenyewe siku hizi hula hivyo. Nikaona taya zake zinavyokwenda, taratibu, upande mmoja. Nikatia changu mdomoni. Chumvi, ndimu, tui, moshi kidogo wa mkaa. Nilikuwa nimesahau kwamba chakula kina pande. Kwamba upande huu wa kipande umeungua na upande ule ni laini. Nikatafuna nikifuata taya za mama mpaka hakikubaki cha kutafuna. Nikameza.

Tulikaa. Alichukua ukili wake akaendelea kusuka. Nilikuwa nimeshika kifua kwa mkono, nasikiliza. Kuku wa jirani walipita. Muadhini wa alasiri akaadhini. Hakuna kilichotokea.

Nilikaa siku kumi na mbili. Utaratibu wetu ulikuwa huu, na nauandika kwa sababu nilipokuwa nautafuta sikuuona popote umeandikwa kwa lugha yangu: chakula kimoja kipya tu kwa wakati mmoja, mchana na si usiku, ili kama kuna shida kuwe na mwanga na watu, kijiko kimoja cha chai siku ya kwanza, viwili ya pili, vitatu ya tatu, kiwe na majimaji yake, tui au mchuzi, kisipashwe moto mara mbili, simu ibaki chumbani. Na mwenzako ale pamoja nawe. Hili la mwisho halikuwa kwenye karatasi ya hospitali.

Samaki akakaa. Mbaazi za nazi zilizopondwa zikakaa. Siku ya saba tukajaribu yai, na yai halikukaa. Kifua kikabana, mate yakaja, nikainuka mbio hadi kwenye karo. Haikuwa kama ile ya Mei. Dakika kumi, imekwisha. Lakini niliporudi mkekani nilikuwa nalia, kwa sababu nilijua kinachofuata. Nilijua mlinzi ataanza na yai, kisha mbaazi, kisha samaki.

Mama alikuwa ameshaiondoa sahani. "Leo halikutaka," akasema. "Tutaliuliza tena mwezi ujao." Na jioni yake akachambua samaki kama jana, akaweka kipande chake mdomoni, akanisogezea changu. Nilikula. Nadhani hapo ndipo woga ulipovunjika, wala si siku ile ya kwanza iliyokwenda vizuri. Kukwama kwa Mei kulikuwa kumemeza vyakula vyote. Kukwama huku kulibaki na ukubwa wa yai.

Nimerudi Dar es Salaam na maisha yameendelea. Dagaa waliopondwa kwenye nyanya. Maharage, kwanza supu yake, kisha yenyewe. Ugali ulinichukua nusu mwaka, na aliyenivusha ni mlenda, unaoteleza na kulifanya tonge liteleze. Bado siumalizi, nala kiasi cha yai la kanga. Yai lenyewe lilikubali mara ya tatu, likiwa rojorojo. Nywele zimeota, fupi na zenye ukaidi. Kilo nne zilirudi, na nilipoziona kwenye mizani niliwaza vile vyakula vitano kwa siku mbili nzima, nikawaza kurudi kwao kama mtu anavyowaza nyumba aliyohama. Sikurudi. Mtaalamu wa lishe alisema kurudi kidogo baada ya kupungua sana ni jambo linalotokea kwa wengi, na nguvu nilizonazo sasa ndizo zinazonipeleka kutembea hadi Coco Beach kila Jumamosi.

Mwaka jana niliketi kwenye sinia tena, arusi ya mtoto wa dada yangu. Wanawake sita, pilau katikati. Aliye kando yangu, kwa ukarimu wetu ule wa kumsogezea mwenzio kitoweo, alichana paja la kuku akaniwekea upande wangu. Mate yalikuja kidogo. Nikamwambia, "Ahsante dadangu, kuku sijaanza bado." Akasema haya, akamsogezea wa pili, nami nikafinyanga tonge langu dogo la wali, nikatafuna hadi mwisho.

Mama hupiga simu kila Jumapili baada ya alasiri. Ananiuliza wiki hii nini.

"Kunde."

"Zimekaa?"

"Zimekaa mama."

Ananiambia amepika nini yeye, nani kafa, nani kajifungua. Kuku hajaniuliza.